Mkalimani na Maneno ya Sekirite

Asubuhi niliyokutana na Mkalimani nilikuwa nimetoka Rebero, mlima mmoja wa Kigali, bila kujua ninakokwenda. Nilikuwa nikilala kwa binamu yangu, mtu mwema, ambaye alikuwa amenichoka kwa adabu: alianza kunisifia miji mingine. Musanze kuna baridi nzuri, alisema huku akinimiminia chai. Huye kuna wasomi. Mimi shule niliiacha darasa la sita nikachukua barabara badala yake, kwa hiyo habari ya wasomi haikunivuta. Nilifunga viatu, nikaaga, nikateremka mlima. Asiye na mpango ana faida moja, hawezi kupotea. Nilipita Kicukiro, nikapanda kuelekea Remera, na jua lilipoanza kuuma nikajikuta Gisimenti, mahali ambapo hata asubuhi kuna mtu anapepea jiko la mishikaki.

Palikuwa na ugomvi. Mama mmoja wa Kikongo, mwenye furushi la vitenge, alisimama mbele ya dereva wa pikipiki akimweleza tabia zake. Alieleza kwa Kiswahili cha Bukavu, upesi upesi, na yule dereva, kijana wa hapa hapa, hakushika neno. Katikati yao alisimama mzee mrefu mwenye koti la kijivu lililofungwa vifungo vyote hadi shingoni. Mama akisema sentensi, mzee anaisema kwa Kinyarwanda. Mama akiweka mkono kiunoni, mzee naye mkono kiunoni. Mama akipiga mguu chini, mzee anapiga mguu chini. Hakupunguza kitu. Mwishowe dereva akamgeukia yeye.

"Muzehe, mbona unanitukana?"

"Anayekutukana ni mama huyu. Mimi ni mdomo wa kukodi."

"Basi mwambie na yeye."

Dereva akafungua ya kwake. Mzee akageuka, akabadilisha uso, akawa kijana wa pikipiki, na kofia ya chuma akaishika kwapani ingawa hakuwa nayo. Yule mama alisikiliza jinsi anavyotukanwa kwa Kiswahili safi, kila neno mahali pake, na mzee wa koti la vifungo. Akashindwa. Akacheka mpaka furushi likamteleza.

"Anasema nini?" dereva akauliza.

"Anacheka," mzee akatafsiri.

Ugomvi ukafa pale pale. Mimi nilimfuata mzee hadi kwenye meza yake ya chai, nikamuuliza kama hiyo ni kazi, na kama inalipa. Akasema ni kazi. La pili hakulijibu. Tangu siku ile nimeondoka Kigali na kurudi mara nyingi, na kila nikirudi nilimkuta meza ile ile, chai ile ile, koti lile lile.

Jina lake naliacha, maana kila mtu mjini alimwita Mkalimani, hata mke wake akimtafuta kwa jirani. Alikokulia pia sikujua, na si kwamba sikuuliza. Wakongo walisema huyu ni wetu, msikilizeni anavyosema. Waislamu wa mitaa ya zamani, wale wenye babu waliokuja na biashara kutoka pwani, walisema mtu hatamki hivi bila kusoma chuo cha Kurani. Waliorudi kutoka Tanzania walidai amekulia Karagwe. Yeye alimwachia kila mmoja imani yake. "Mlango mzuri," alisema, "ni ule ambao mgeni hakumbuki kuupita."

Lakini alikumbukwa, na kosa lilikuwa lake. Miaka hiyo alikuwa akitafsiri kanisani, maana makanisa ya Kigali hupenda mhubiri kutoka nje, na mhubiri kutoka nje lazima awe na mtu wa kusimama kando yake, kupaza sauti anapopaza na kupiga magoti anapopiga. Siku moja akaja mhubiri kutoka Tanzania, akainua mikono akasema: "Bwana ni fahari ya nyumba yangu."

Sasa, sisi wa Kigali r na l ni mapacha, mama yao pekee ndiye anayewajua. Habari ni habali, wali ni wari. Na ngeli tunazo chache, za dharura tu. Ile "ya" ingemwamsha mtu wa Tanga, ajue hapa hakutajwa mnyama, lakini hapa "ya" hutumika kwa watu, ng'ombe na magari. Mkalimani masikio yake yalikuwa mazuri kuliko ya wengi, lakini siku ile spika zilikuwa zinakoroma. Alisikia fahali. Akainua mikono, akalitangazia kanisa zima kwa Kinyarwanda kwamba Bwana ni *imfizi* ya boma langu, yaani dume la ng'ombe, baba wa kundi.

Mahali pengine wangecheka, au wangempiga mawe. Hapa ni nchi ya ng'ombe. Kanisa lilisimama. Walipiga makofi, akina mama wakapiga vigelegele, na mzee mmoja wa mbele akanyoosha mikono juu kama pembe, akaanza kumsifia Bwana kwa majina yale ya kusifia ng'ombe, moja baada ya jingine, kwato, nundu, mwendo. Mhubiri alifurahi sana. Hakuwa amewahi kuhubiri hivyo maishani.

Mkalimani alipotambua kosa lake, baada ya ibada, alitaka kurudi kwenye kipaza sauti alisahihishe. Wazee wa kanisa wakamshika koti.

"Acha. Watu wameshapokea."

"Wamepokea kitu ambacho hakikusemwa."

"Wamepokea vizuri kuliko kile kilichosemwa."

Jambo hilo lilimkosesha usingizi. Wiki zilizofuata watu walianza kuja kumsikiliza yeye, si mhubiri. Walikuwa wakingoja ng'ombe mwingine. Kanisa likamwomba, kwa upole, apumzike kidogo, na mapumziko hayo hayajaisha mpaka leo.

Nisingependa umfikirie kama mtu wa mizaha. Nje ya jukwaa, ambalo nitalifikia, alikuwa mkali kama karani wa forodha. Hakuvumilia mkalimani anayefupisha. Mtu aseme maneno mia, mkalimani aseme "anashukuru": hilo kwake lilikuwa wizi. Tulipoona habari kwenye televisheni ya mgahawa, kiongozi wa kigeni akizungumza kwa muda mrefu na sauti ya mtafsiri ikitoka fupi, aliweka kikombe chini. "Yale mengine ameyapeleka wapi?" aliuliza, na alikuwa akitaka jibu. Mimi, ambaye Kinyarwanda changu ni cha kununulia ndizi, nilimtumia sana, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kunipunguzia hata neno. Mwenye nyumba aliponiita mvivu asiye na mizizi, niliambiwa mvivu, niliambiwa na mizizi.

Vichekesho vya wengine havikumchekesha. Alivisikiliza akiwa ameinamisha kichwa kidogo, kama fundi wa redio. Nyumbani kwake mke ndiye aliyezungumza na yeye ndiye aliyenyamaza, na mke aliwahi kuniambia kwa huzuni ya utani, "Mwanangu, niliolewa na mtu wa lugha nne, zote anaziacha kazini." Umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa kila mwisho wa mwezi, hakuukosa. Alifika na jembe na lile koti, akalima na vifungo vimefungwa. Na alimwogopa mtu mmoja tu duniani, mama mkwe wake, aliyekuwa haelewi lugha yoyote ila Kinyarwanda, kwa hiyo mbele yake hakuwa na pa kujificha.

Jukwaani alipelekwa na vijana wa vichekesho wa Remera. Wao walikuwa wakifanya kwa Kiingereza na Kinyarwanda, kwa haraka, suruali zimebana. Walimsikia Gisimenti akitafsiri ugomvi mwingine wakamwomba aje afanye vile vile mbele ya watu. Akaenda, akasimama peke yake, akawa watu wawili. Akiwa mguu wa kulia alikuwa msemaji, anasema Kiswahili. Akihamia mguu wa kushoto alikuwa mkalimani, anatafsiri kwa Kinyarwanda, mara nyingine kwa Kiingereza ikiwa ukumbi una watu wa namna hiyo. Basi. Hiyo ndiyo ilikuwa shoo yote, na ilitosha.

Alianza kwa kuuliza nani alikulia wapi, maana Kigali swali hilo linajaza ukumbi. "Ukimkaribisha chakula aliyekulia Uganda," alisema, "anakuambia kwa Kiingereza kwamba yuko sawa, halafu anakula. Aliyekulia Tanzania anakataa mara tatu, anasema ametoka kula sasa hivi, anasifia harufu, halafu anakula kuliko wote. Aliyekulia Kongo hangoji kukaribishwa, yeye ndiye anayekukaribisha wewe, kwako. Aliyekulia Burundi anakula taratibu mpaka chakula chenyewe hakijui kama kinaliwa. Na aliyekulia hapa hapa? Muulize kama ana njaa. Atakuuliza: kwa nini unauliza?"

Kila kundi lilicheka kundi jingine, kisha likanyamaza kungoja zamu yake, kisha likajicheka. Halafu akaja na posa. Wazee wa mkwe wanamuuliza kijana wa upande wa bwana harusi, "Mahari ni kubwa?" Naye, akisikia mahali, anajibu kwa fahari, "Iko kubwa sana, na parking iko."

Siri yake ilikuwa kwenye foleni. Alinieleza siku moja akikoroga chai isiyo na sukari. Ukisema jambo kwa Kiswahili Kigali, alisema, wanacheka kwanza wale wanaojua Kiswahili: madereva, wachuuzi wa mpakani, mafundi cherehani wa mitaa ya zamani, na maofisa waliokulia Tanzania ambao wanacheka wakitazama pembeni. Vijana waliosoma kwa Kiingereza shule za gharama wanangoja tafsiri. Kwa dakika hiyo moja, yule ambaye kila siku anangoja getini hangoji. Anayengoja ni bosi wake. "Kicheko hakina visa," alisema, "lakini kina foleni. Mimi kazi yangu ni kugeuza foleni."

Ndipo anaingia Sekirite.

Mkalimani alikuwa ameitwa nyumba moja ya Nyarutarama, mtaa wa wenye nacho, kutafsiri mazungumzo ya biashara, na wenye nyumba wakachelewa kurudi. Alingoja getini na mlinzi, mtu wa makamo aliyejifunza Kiswahili ujanani akiuza sabuni upande wa Goma. Wakati wanangoja, gari likatoka ndani, nyuma amekaa mbwa mkubwa, dirisha limefunguliwa apate hewa.

"Huyo anakwenda wapi?" Mkalimani aliuliza.

"Simba? Anaenda kwa daktari. Iko na randevu, daktari inaingoja."

"Anaumwa nini?"

"Meno. Mimi pia niliumwa meno mwezi ule, nikaambiwa nisukutue na chumvi." Mlinzi alisema hayo bila uchungu, kama mtu anayesoma hali ya hewa. "Simba iko na daktari yake, iko na kitanda yake, iko na jina yake. Mimi niko hapa miaka mingi, naitwa Sekirite."

"Na Sekirite akiumwa sana?"

"Sekirite haiumwagi, Muzehe. Ikizima wanabadilisha, kama taa."

Mkalimani alicheka. Nimekwambia vichekesho havikumchekesha. Mke wake alisema usiku ule alicheka tena akiwa peke yake, akavaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto. Kesho yake alirudi Nyarutarama kwa miguu kumwomba mlinzi ruhusa ya kuyasema maneno yale jukwaani. Mlinzi alifikiri.

"Sema," akasema. "Lakini isiandikwe Kiingereza. Bosi yangu Kiswahili hajui, lakini Kiingereza anasoma hata kwenye chupa ya sabuni. Akisoma, atajua ni geti yake. Mimi niko na watoto shuleni."

Mkalimani akampa mkono, akaahidi.

Jukwaani aliyasema hivi. Mguu wa kulia: mlinzi anasema habari ya Simba na daktari na taa, yote, kwa Kiswahili kile kile cha getini. Wafanyakazi wanaangua. Mguu wa kushoto: mkalimani anajifunga koti vizuri, anatabasamu kwa wageni, na anatafsiri: "Mlinzi anasema nyumba ni salama, na mbwa anawasalimu." Wageni wanapiga makofi ya heshima. Wafanyakazi wanaona makofi yale, wanaangua mara ya pili, vibaya zaidi. Na wale wachache wanaojua lugha zote mbili wanakaa katikati wakitafuta pa kuweka macho.

Yaani mtu aliyeita ufupisho wizi, sanaa yake kubwa ilikuwa tafsiri ya uongo. Nilimwambia. Akasema jukwaani anacheza mkalimani mbaya, kama mwalimu anavyoandika kosa ubaoni ili watoto walione. Nilikubali, ingawa darasa la sita nilikuwa nimeshaacha kuwaamini walimu.

Kisha akaja Mtayarishaji, binti mmoja mchangamfu aliyekulia Kampala, mwenye kamera tatu na wazo la kurekodi shoo nzima na kuiweka mtandaoni dunia ione. Mkalimani alitamani jambo hilo kuliko alivyoonyesha. Alikuwa mtu mzima, na kila alichofanya kilikuwa kimeyeyuka hewani siku hiyo hiyo. Ukumbi ulikuwa Nyarutarama, Jumapili mchana. Wageni walifika na magari, na magari yakaleta madereva, na madereva wakasimama ukutani. Sekirite naye alikuwa na mapumziko. Alikuja amevaa shati la harusi, akasimama nao. Bosi wake alikuwa safu ya tatu, na mkewe.

"Mzee," Mtayarishaji alisema, "hawa watu watoke kidogo. Nataka ukuta uwe wazi, kuna taa pale."

"Toa taa."

"Mzee, ukuta mtupu unapendeza kwenye picha."

"Mwanangu, hao ndio kipaza sauti changu. Bila wao nitasikika vipi?"

Wakabaki. Na siku ile, nasema kama mtu aliyekuwa amesimama nao huko ukutani, alikuwa mzuri kuliko siku zote. Tulipofika kwenye yale maneno ya taa, kicheko cha ukuta kilipanda juu ya vichwa vya safu za mbele, na safu za mbele zikageuka kutazama kulikoni. Kamera ya pembeni ilimkamata Sekirite akifuta machozi kwa kofia ya dereva jirani yake. Halafu ikaja tafsiri, mbwa anawasalimu, na bosi wa safu ya tatu akapiga makofi, akamwambia mkewe kitu, akapiga tena.

Ugomvi ulikuja wakati wa kuandika tafsiri chini ya picha. Tulikwenda kwenye chumba cha kazi cha yule binti, mimi kama mtu wa kubeba mfuko wa mzee, ingawa mfuko ulikuwa na mwavuli tu. Mtayarishaji alituonyesha. Kila Kiswahili kilichosemwa kilikuwa kimewekwa Kiingereza chini, vizuri, na maneno ya mlinzi yote yalikuwepo.

"Hapo futa," Mkalimani akasema.

"Nifute? Mzee, hii ndiyo joki kubwa ya shoo nzima."

"Andika alichosema mkalimani. Nyumba ni salama, mbwa anawasalimu."

"Lakini mkalimani anadanganya."

"Ndiyo."

"Na mimi niandike uongo? Watu watasikia ukuta unacheka, watasoma mbwa anawasalimu, watasema huyu dada hajui kutafsiri."

"Watasema."

Binti alizungusha kiti chake akamtazama. "Mzee, wewe siku ya kwanza ulinikemea hapa kwa sababu nilifupisha 'asante sana' nikaandika 'asante'. Leo unaniambia nifute mtu mzima?"

Mkalimani alishika kifungo cha juu cha koti. Ndipo akamweleza habari ya geti, ya chupa ya sabuni na ya watoto shuleni. Hakupamba. Binti alisikiliza mpaka mwisho, akarudi kwenye mashine, akafuta.

"Ila jina langu kwenye tafsiri naondoa," akasema. "Naomba usikasirike."

"Weka langu."

Akaliweka. Kwenye filamu ile, mwishoni, imeandikwa kwamba tafsiri ni ya Mkalimani, kwa jina lake kamili, na tafsiri ile ina uongo mmoja mkubwa unaoonekana na kila mwenye masikio. Na huyu ni mtu ambaye hakuwahi kuchanganywa na kitu chochote ila spika za kanisa. Alijua kwamba anachotoa ni sifa yake.

Filamu ikapokewa vizuri kuliko tulivyodhani. Watu walimsimamisha njiani, vijana wakajifunga vifungo hadi shingoni mbele yake kwa utani. Chini ya filamu watu waliandika maoni, na wengi walilalamika kwamba tafsiri ya sehemu ya mbwa ni mbovu. Hilo tulilitegemea. Ambalo hatukulitegemea ni Mtanzania mmoja muungwana, aliyeandika kwamba kwa heshima na taadhima, na bila nia ya kumvunjia mzee wetu heshima, anaomba kurekebisha tafsiri kwa faida ya wasiojua Kiswahili. Akaweka maneno yote ya mlinzi kwa Kiingereza: daktari, chumvi, jina, taa. Watu walimshukuru kutoka nchi mbalimbali.

Mezani kwake, chai ikiwa mbele yake, Mkalimani alisoma kwenye simu yangu, akiishika mbali na macho.

"Ametafsiri vizuri," alisema. "Hata koma iko mahali pake."

Hakunywa ile chai.

Bosi alisoma, bila shaka. Lakini hakumfukuza Sekirite, na hapo ndipo hadithi inapokuwa ya Kigali. Alifurahi. Alikuwa na mlinzi maarufu. Wageni wakija, gari linasimamishwa getini, dirisha linashushwa: sema ile ya taa. Anasema. Wanacheka, sasa wakiwa wa kwanza, na gari linapita. Mbele ya wageni wenye nyumba wakaanza kumwita Komedi. Alimpigia Mkalimani simu mara moja tu.

"Muzehe, zamani nilikuwa Sekirite. Sasa niko Komedi. Jina bado iko njiani."

Baada ya wiki kadhaa geti likawa na mlinzi mwingine. Simu ya yule wa kwanza ikawa haipatikani. Tulisikia amerudi kwao Karongi, kwenye vilima vya juu ya ziwa, na watoto amewahamisha shule. Mkalimani akaacha jukwaa. Vijana wa Remera walimwomba, Mtayarishaji alikuja mwenyewe na keki. Aliwapokea wote, akawatafsiria waliyokuwa wakisema wateja wa meza za jirani, akakataa. Nilimuuliza kama anadhani Sekirite amemkasirikia. Akasema hajui, na kwamba hilo ndilo linalomsumbua: ni neno ambalo hakuna mtu wa kumtafsiria.

Mimi nikaenda zangu upande wa Rusumo nikafanya kazi za kupakia mizigo kwa miezi. Niliporudi, alikuwa meza ile ile, amekonda kidogo.

"Kesho una mpango?" aliniuliza kabla sijakaa.

"Mzee, lini umeniona na mpango?"

"Basi twende Karongi."

Basi lilipanda na kushuka milima asubuhi yote, na yeye karibu na dirisha alikuwa akijaribu sentensi. Aliisema kwa Kiswahili, akatikisa kichwa. Akaisema kwa Kinyarwanda, akaiacha katikati. Aliwahi kuwaombea msamaha mabwana harusi, wafanyabiashara, hata dereva wa pikipiki, kwa maneno yaliyowaliza watu. Sasa maneno yalitakiwa yawe yake, na hakuwa nayo. Nilimwambia aseme tu pole. Akanitazama kama nimemwambia afupishe.

Tulifika jioni jua likiwa bado linang'aa ziwani, tukapanda kilima tukiulizia kwa watu. Boma lilikuwa dogo, limezungushiwa ua wa miti, na uani palikuwa na majirani wanne watano wakipepeta maharage. Mwenye boma alikuwa peku, suruali imekunjwa magotini. Mke wake alitoka mlangoni akamwita, "Papa Keza, kuna wageni," na ndipo nilipotambua kwamba yule Sekirite wetu sijawahi kumsikia akiitwa jina la nyumbani.

Alisimama, ungo mkononi. Alimtazama Mkalimani, lile koti, vile vifungo. Hakutabasamu.

"Nimekuja," Mkalimani alianza, "kwa sababu ahadi niliyokupa..."

Mwenye boma aliinua mkono. Aliweka ungo chini taratibu, akawageukia majirani, akaanza kusema nao Kinyarwanda cha mlimani, cha haraka, ambacho mimi sikushika ila neno moja hapa na moja pale. Alikuwa akimwonyesha Mkalimani kwa kidole. Kisha akajifunga vifungo vya koti ambalo hakuwa nalo, kimoja kimoja, mpaka chini ya kidevu, akanyoosha shingo, akasimama mguu wa kulia akasema kitu kwa sauti nzito. Akahamia mguu wa kushoto akasema kingine, kirefu, kwa upole wa kutisha. Bibi mmoja akaangukia gunia la maharage. Mke akashika mlango. Alikwenda kulia tena, kushoto tena, na kila alipohama ua mzima ulipiga kelele, na mara moja nilisikia neno la mbwa, na mara moja jina la Mkalimani, lile la kwenye filamu, kamili.

Nilimgeukia mzee. Alikuwa amesimama wima, uso umelowa, mabega yanatikisika kwa kicheko, na kifungo cha juu amekifungua mwenyewe.

"Mzee, anasema nini?"

Alijaribu kupumua. Mwenye boma bado alikuwa anaendelea, ameshapita maneno mia.

"Anasema karibuni," akaniambia. "Chumba cha uani kiko wazi."